Meno ya mbele ya binti yangu yamepona, na chupa ya usiku tumeiaga

"Achana nayo, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Maneno haya nimeambiwa na watu wazima wanne, na yananiudhi hadi leo. Gego la mwisho la utoto hukaa kinywani mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Sasa likioza akiwa na miwili, atafune na nini miaka yote hiyo?

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilimlaza mapajani nimpenge kamasi, mdomo wa juu ukanyanyuka, nikaona mstari mweupe kama chokaa umeambaa na ufizi kwenye meno manne ya mbele. Nikadhani ni maziwa yameganda. Nikasugua kwa kitambaa, wapi! Meno ya chini yalikuwa safi.

Daktari wa meno akanieleza kwamba kuoza huanza na weupe huo, kisha hudhurungi, kisha tundu, na kwamba kwenye weupe jino bado laweza kupona. Ya chini yalikingwa na ulimi na mate. Ya juu yalikuwa yanalowa maziwa ya chupa aliyolala nayo usiku kucha, na usingizini mate hupungua. Akampaka dawa ya floraidi, madini ya kukaza jino, dakika chache tu, na pesa yenyewe si ya kutisha ukifikiria kung'oa.

Kazi ilikuwa chupa. Niliificha. Usiku wa kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka, wa pili tukalia wote, wa tatu nikampa. Mama mmoja kwenye foleni ya daktari ndiye aliyenifumbua macho: usimnyang'anye, mzimulie. Basi nikapunguza maziwa kidole kimoja, nikajaza maji. Baada ya siku mbili, kidole kingine. Maziwa yakawa meupe kama maji ya mchele, kisha maji yenye kivuli cha maziwa, kisha maji. Usiku huo alivuta mara mbili, akaichomoa, akaitazama, akanirudishia mkononi na kunigeuzia mgongo. Akalala! Nilikaa gizani na ile chupa nikajisikia nimeshinda vita.

Mswaki nampiga mimi, kichwa chake mapajani pangu, namnyanyua mdomo nione ufizi. Kwanza ananisugua yangu, ndipo zamu yangu ifike. Bila hivyo hafungui kinywa. Wapo walioniambia dawa ya meno yenye floraidi si ya watoto. Si kweli, ila kipimo ni punje ya mchele, na povu nalifuta tu, simsukutui kwa maji. Jino langu bovu nalo nikaliziba, maana vijidudu vinavyoozesha hupita kwa mate, na mimi nilikuwa naonja kwa kijiko chake.

Mstari ule umefifia, umebaki mng'ao. Mwezi huu ametimiza miaka mitatu, meno yote 20 yametoka, na kipimo cha dawa kimepanda kuwa punje ya njegere.