Usiku bwawa la snapshoti lilipojaa

Simu ya zamu iliita saa nane na nusu usiku. "Mkuu, malipo yamegoma, na kanzidata haiamki." Niliingia kwenye seva nikiwa nyumbani, nikaandika lvs -a, amri inayoonyesha hali ya hifadhi. Safu ya Data% ya bwawa, yaani akiba ya nafasi ya diski ambamo kanzidata na snapshoti zake (picha za hali yake ya wakati fulani) hugawana, ilisoma 100.00.

Kabati la diski lilitupatia LUN mbili (diski ambazo seva huziona kama zake) za GiB 700, nazo zilikuwa zimeunganishwa na LVM, programu ya Linux ya kugawa diski, kuwa kundi moja. Ndani ya kundi kulikuwa na bwawa la GiB 1,200 lililokatwa vipande vya KiB 64. Bwawa hilo lilibeba voliumu (diski ya kimantiki) ya kanzidata yetu ya PostgreSQL yenye mfumo wa faili wa ext4, snapshoti 24 za kila saa na 7 za kila siku. Snapshoti ya namna hii inapozaliwa hainakili kitu, inashika tu ramani ya vipande vilivyopo. Kipande kikiandikwa baadaye, voliumu hupewa kipande kipya na cha zamani hubaki mikononi mwa snapshoti. Ukurasa wa PostgreSQL ni KiB 8, kwa hiyo ukigusa ukurasa mmoja unaweza kulipia kipande kizima, yaani mara 8 ya ulichoandika.

Jioni bwawa lilikuwa asilimia 61. Saa tano usiku timu ya programu ilirusha UPDATE moja, amri ya kubadilisha data, ya kujaza safu mpya kwenye jedwali la GiB 180. Waliona ni kazi ndogo, safu yenyewe ni namba tu. Lakini PostgreSQL haifuti mstari na kuandika palepale: huandika toleo jipya mahali pengine, kisha hurudi kwenye mstari wa zamani kuutia alama ya muamala ulioubadilisha. Maana yake kurasa za zamani nazo zinaguswa. GiB 180 za zamani, ambazo snapshoti zilikuwa zimezishika, zikadai vipande vipya, na toleo jipya likadai GiB 180 nyingine. Faharasa na logi za miamala, ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko, zikaja juu yake. Akiba ya bwawa ilikuwa GiB 468. Hesabu ya dakika tano kwa kalamu ingetosha kuonyesha kwamba haitoshi.

Bwawa likijaa, kerneli, kiini cha Linux, husubiri sekunde 60 ikitumaini nafasi itaongezwa, kisha huanza kurudisha makosa kwa kila anayeandika. Jonali ya ext4, daftari lake la mabadiliko, ilikatika, mfumo wa faili ukageuka wa kusoma tu, na PostgreSQL ikaanguka kwa PANIC, kosa linaloizima kabisa.

Je, upanuzi wa moja kwa moja haukuwepo? Ulikuwepo, kwenye karatasi. Katika lvm.conf, faili la mipangilio ya LVM, thin_pool_autoextend_threshold, kizingiti ambacho bwawa likikivuka hupanuliwa, ilikuwa asilimia 80 (usipoigusa huwa 100, yaani imezimwa), na kila hatua ya kupanua ilikuwa asilimia 20. Asilimia 20 ya GiB 1,200 ni GiB 240, na kundi halikuwahi kubakiwa na GiB 240 tangu siku lilipoundwa. Hata GiB 190 na ushee zilizobaki, mtu alishazitengenezea voliumu ya majaribio. Simu yake ilikuwa imezimwa, na sifuti cha mtu bila idhini. dmeventd, programu inayolilinda bwawa, ilikuwa imepiga kelele kwenye logi saa nzima, lakini logi ile hakuna aliyekuwa akiisoma.

Kitu cha kwanza kilikuwa kusimamisha cron, ratiba ya kazi za seva, inayotengeneza snapshoti. Cha pili ni kutowasha seva upya, maana bwawa lililojaa haliponi kwa kuwashwa. Kisha nikatazama Meta%, yaani asilimia iliyojaa ya metadata, sehemu inayohifadhi ramani za vipande. Ilikuwa 58, nikapumua. Metadata ikijaa, bwawa hujifunga lisiandikike na kudai ukaguzi, nawe unaishia kwenye lvconvert --repair, amri ya kulikarabati, ambayo haina dhamana. Kanuni ya LVM ni baiti 64 kwa kila kipande. Kwetu ingetoka kama GiB 1.2. Tulikuwa tumetenga GiB 4, kwa sababu kila snapshoti inayoachana na mwenzake huongeza ramani. Uamuzi ule ndio ulituokoa.

Nikafuta snapshoti sita za zamani zaidi za kila saa. Data% ikashuka hadi 98.9. Basi.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kipande cha zamani ni kama shamba la urithi: warithi sita wakijitoa, shamba haliuziki maadamu wa saba bado anashika hati. Kurasa za lile jedwali zilikuwa zimeshikwa kwa pamoja na kila snapshoti iliyotangulia saa tano. Amri ya thin_ls, ukiiomba safu ya EXCLUSIVE, huonyesha ni kiasi gani snapshoti inakishika peke yake. Karibu zote zilikuwa na kiasi kidogo mno; uzito wote ulikuwa wa ushirika. Na kufuta zilizotangulia saa tano pekee kusingetosha: ile ya saa sita bado ilishika kurasa ambazo UPDATE ilikuwa haijazifikia wakati huo, na zile za saa saba na saa nane vivyo hivyo.

Tulikuwa na pg_basebackup, nakala kamili ya kanzidata, ya jioni kwenye mashine nyingine, pamoja na logi za miamala zilizohifadhiwa. Nilihakiki kwanza kwamba faili la mwisho la logi limefika kule. Ndipo nikafuta snapshoti zote zilizobaki, 25, kwa amri ya lvremove. Data% ikatua 68.

Baada ya hapo umount ya kuliachanisha faili la mfumo, e2fsck -f ya kuukagua mfumo wa faili, mount ya kuurudisha, kisha kuwasha PostgreSQL. Ilirudia logi zake na kuamka. UPDATE ambayo haikukamilika ikahesabika kuwa haikutokea. Lakini matoleo mapya yaliyokufa yalibaki yamelala mwishoni mwa faili la jedwali. VACUUM, usafi wa PostgreSQL wa matoleo yaliyokufa, ilikata mkia huo, ila bwawa halikujua: ext4 ikiachia nafasi, bwawa huendelea kuihesabu imetumika mpaka liambiwe. Amri ya fstrim ndiyo iliyoliambia, na Data% ikafika 53. Ilikuwa karibu alfajiri.

Voliumu ya majaribio ilihamishwa wiki hiyohiyo. Kizingiti tulikishusha hadi 70 na hatua ya upanuzi hadi asilimia 10, yaani GiB 120, ambazo safari hii kundi lilikuwa nazo kweli. Data% na Meta% zikaanza kutuma ujumbe kwenye simu ya zamu zikivuka 75. UPDATE ile ilirudiwa kwa mafungu ya mistari 50,000, VACUUM ikipita katikati ili nafasi itumike tena, na snapshoti za kila saa zikiwa zimezimwa. Ilichukua usiku nne. Bwawa halikuzidi asilimia 64.