Kabla hujaiwasha upya hifadhidata

Jumapili, usiku

Programu ikigoma kuongea na hifadhidata, mkono hukimbilia kuwasha upya seva. Mara nyingi inakubali, na hapo ndipo tabu ilipo. Chanzo kimebaki, ushahidi umefutika, na kesho saa za watu wengi mambo ni yaleyale. Dakika tano za mwanzo naona ni za kusoma kosa neno kwa neno, na kutazama kama limekuja papo hapo au baada ya kusubiri.

Connection refused huja papo hapo. Umepiga hodi na nyumba imejibu, ila chumba ulichokitaja hakina mtu. Yaani mashine inafikika, lakini kwa kawaida hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Ingia kwenye seva ya hifadhidata, andika ss -ltnp, utafute 5432 kwa PostgreSQL au 3306 kwa MySQL. Usipoiona kabisa, huduma imekufa au iko kwenye poti nyingine. Ukiona 127.0.0.1:5432 tu, inasikiliza ndani kwa ndani. Kwa PostgreSQL, mpangilio wa listen_addresses bado ni localhost (mashine yenyewe tu), ambalo ndilo chaguo-msingi lake, na mabadiliko yake yanataka huduma iwashwe upya, reload (kusoma upya mipangilio bila kuizima) haitoshi.

Timed out ni habari nyingine. Pakiti zimekwenda na hakuna aliyejibu: faiawoli (kizuizi cha mtandao) inazimeza kimya, au anwani si yenyewe. Linux yenyewe ikiachiwa inajaribu kwa takribani dakika mbili kabla ya kukata tamaa, ndiyo maana ukurasa unazunguka tu. Weka connect_timeout ya sekunde 5 kwenye programu. Hailitatui tatizo, ila unalijua mapema, na michakato yako haigandi ikisubiri.

Kosa likitamkwa na hifadhidata yenyewe, shukuru, maana mtandao umeshapita. Ikisema no pg_hba.conf entry (hilo ni faili la PostgreSQL linaloorodhesha nani aingie na kutoka wapi), ujumbe huohuo unataja anwani, mtumiaji na hifadhidata iliyoombwa. Vilinganishe na faili kimoja kimoja. Faili hilo husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Nywila ikikataliwa hapo, haishuki kujaribu mstari unaofuata. Mtu anaongeza mstari mzuri kabisa mwishoni mwa faili kisha anashangaa hausomwi. Hapa reload inatosha.

Nywila nazo zina vituko vyake. Yenye @ au # ikiwekwa ndani ya anwani ya muunganisho lazima iandikwe %40 na %23, la sivyo anwani inakatika katikati na unaambiwa jina la mashine halijulikani, wakati mashine haina kosa lolote.

Kisha localhost. Ndani ya kontena la Docker (kisanduku kinachoendesha programu ikiwa imetengwa), localhost ni kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba, wala si kontena la jirani. Kwenye Compose, inayoendesha makontena kadhaa pamoja, tumia jina la huduma, mathalani db. Kwa PHP na MySQL, localhost maana yake ni faili la soketi (njia ya kuongea ndani ya mashine hiyohiyo), na 127.0.0.1 ni TCP, yaani njia ya mtandao. Kosa 2002 likisema No such file or directory, linalotafutwa ni soketi hiyo, kwa hiyo usihangaike na nywila.

Kinachokula usiku wa watu, hata hivyo, ni programu inayofanya kazi vizuri asubuhi kisha ikazidiwa mchana. PostgreSQL inakuja na max_connections (kikomo cha miunganisho ya wakati mmoja) ya 100, na 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi mkuu. Kwa hiyo programu ina 97. (Ndiyo sababu programu isiingie kama postgres, ambaye ndiye msimamizi mkuu huyo: itazila na hizo 3, nawe utakosa mlango wa kuingilia.) Sasa chukua SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata: akiba yake (pool) ya kawaida ni miunganisho 5, na inaruhusu 10 zaidi ikizidiwa, jumla 15. Lakini akiba hiyo ni ya kila mchakato. Gunicorn, inayoendesha programu za Python, ikiwa na michakato 4 kwenye kila moja ya seva 2 inaweza kudai 15 × 4 × 2, yaani 120. Hesabu haikubali, na hakuna anayeigundua hadi watu waje kwa wingi. Ukiweka max_overflow=2 (ile ziada ya 10 iwe 2) unapata 7 × 4 × 2, yaani 56. Ukipandisha toleo jipya seva moja baada ya nyingine, michakato ya zamani na mipya ikiishi pamoja kidogo, unafika 7 × 4 × 3, yaani 84, na bado kazi za nyuma ya pazia zina nafasi.

Kupandisha max_connections hadi 1000 ni jibu rahisi nisilolipenda. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake. Tena mara nyingi tatizo si uchache wa miunganisho, ni muda ambao kila mmoja unashikiliwa. Tazama:

select pid, state, now() - state_change as muda, query from pg_stat_activity order by state_change;

Ukikuta mistari mingi ya idle in transaction yenye sekunde 20 na kuendelea, kuna msimbo uliofungua muamala (kundi la mabadiliko linalokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja) kisha ukaenda kufanya mambo mengine. Mfano unaoonekana sana kwetu ni malipo ya simu: programu inasoma oda, inaita huduma ya malipo, inasubiri jibu, halafu ndipo inafanya commit, yaani inaukamilisha muamala. Muda wote huo muunganisho umeshikwa bure. Miunganisho 15 ikishikwa sekunde 20 kila mmoja, mchakato unahudumia maombi 45 tu kwa dakika. Hifadhi oda kwa hali ya kusubiri, fanya commit, ndipo uite malipo. Jibu likija, fungua muamala mwingine. Weka pia idle_in_transaction_session_timeout ya sekunde 60, ili msimbo mbovu ukatwe na uonekane kwenye logi.

Kwa WordPress kwenye seva yenye kumbukumbu ya GB 1, Error establishing a database connection inayokuja na kuondoka kwanza itafutie kumbukumbu: journalctl -k | grep -i "killed process". Ukiona mysqld au mariadbd, kernel (kiini cha Linux) ndiyo iliyoiua kwa kuishiwa kumbukumbu. Punguza pm.max_children ya PHP (kikomo cha michakato yake) kabla ya kugusa kingine.

Limebaki kosa la asubuhi. MySQL hufunga muunganisho uliolala kwa muda wa saa 8, ndiyo wait_timeout ya 28800, na faiawoli za njiani hukata mapema zaidi bila kumjulisha yeyote, ilhali Linux haianzi kupima uhai wa muunganisho hadi zipite saa 2. Mteja wa kwanza wa siku anapewa muunganisho uliokufa. Kwenye SQLAlchemy, pool_pre_ping=True huupima kabla haujatolewa kwenye akiba, na pool_recycle (umri wa muunganisho kabla ya kubadilishwa) iwe fupi kuliko kikomo kifupi zaidi cha njiani. Muunganisho ukikatika katikati ya muamala, hivyo viwili havisaidii. Hapo programu yenyewe ndiyo irudie, na kama kuna pesa ndani, iangalie kwanza namba ya oda isije ikamtoza mteja mara mbili.