Mradi wa Diwani na Kibua: kuingiza dume la pili ndani ya nyumba

Kabla hajaja

Hapa kwetu Mikindani tuna paka mtoto, dume, anaitwa Kibua, jina lenyewe lilitokana na yeye kufuata ndoo ya vibua ya mama kutoka pwani mpaka jikoni na toka siku hiyo hajaondoka. Ana kama miezi minne. Sasa shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anakaa Chuno huko Mtwara mjini, kapata uhamisho wa kwenda Newala na mwenye nyumba wa huko hataki paka hata kuwasikia, basi akanipigia, "Shem, njoo umchukue Diwani, nikimwacha huku mtaani atageuka shume huyu." Diwani ni dume zima la miaka mitatu hivi, rangi ya chungwa, jina walimpa majirani maana anapita nyumba moja moja anaingia anakagua anatoka na hakuna alichofanya.

Mama alikubali chap kwa sababu ya panya wa stoo, mchele wetu ulikuwa unaliwa usiku na Kibua bado anamuogopa panya. Mimi ndo nilikuwa na wasiwasi. Dume kubwa anaweza kuua katoto ambako si kake, hiyo inatokea kweli, hasa vile vidogo kabisa. Miezi minne angalau unajua kukimbia na kupanda, ila jino la dume likiingia shingoni habari imeisha. Na hata asipomuua, majeraha ya kung'atana ndo njia mojawapo kubwa ambayo paka wanaambukizana virusi vinavyoua kinga yao, FIV, vile vinavyofanana na ukimwi wa binadamu lakini vya kwao wenyewe, sisi havitupati.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji nakuja kumchukua, ila kwanza ahasiwe na gharama tugawane. Akaguna kidogo halafu akakubali.

Diwani anafika

Alihasiwa na daktari wa mifugo mjini, akapigwa na chanjo ya kichaa cha mbwa hapo hapo (ndiyo, paka naye anachanjwa hiyo, kuanzia miezi mitatu, halafu unarudia kama daktari alivyokuandikia). Nilimleta na bajaji kwenye tenga la kuku nimefunika kanga ya mama, ni kama kilomita 10 tu lakini alilia njia nzima mpaka dereva akaniuliza kama nimeiba mtoto wa mtu.

Tukampeleka moja kwa moja stoo. Nyumba yetu ni zile za zamani za mawe ya matumbawe, kuta nene, stoo ina mlango wake na kadirisha ka juu, pametulia. Kibua hakumwona kabisa. Nilimwekea maji, sehemu ya kujificha (boksi la katoni lililolazwa ubavu) na beseni la choo, ila siku za mwanzo sikuweka mchanga, niliweka magazeti yaliyochanwachanwa kwa sababu kile kidonda cha kuhasiwa kwa dume mara nyingi hakishonwi, kinaachwa kijifunge chenyewe, na mchanga wa pwani ungeingia humo.

Jambo moja watu hawalijui: akihasiwa leo haimaanishi leo kawa mpole. Homoni zinashuka taratibu, ile harufu kali ya mkojo wa dume inapungua kwa wiki kadhaa, na hata mimba anaweza kutia bado kwa wiki chache za mwanzo. Kwa hiyo ule muda wa kukaa stoo ulikuwa na faida mbili, kidonda kipone na udume upungue kabla hajakutana na mwenzie.

Alikuja na viroboto. Duka la dawa za mifugo wakanipa chupa ya kunyunyizia mbwa, "hata paka inafaa kaka", nikasoma lebo nikakuta permethrin. Nikairudisha. Hiyo kwa mbwa sawa, paka inamuua, anatetemeka mpaka degedege maana ini lake haliwezi kuivunja. Nimenunua kitana chenye meno ya karibu karibu na nikawa namchana juu ya beseni la maji ya sabuni, kazi ya kuchosha lakini viroboto vimepungua.

Harufu

Mzee jirani alinicheka sana. "Waache wapigane mwanangu, watajuana tu, mbona sisi hatujawahi kufungia paka stoo." Na mama naye anasema ni wivu. Mimi siamini kama ni wivu. Paka hapiganii mapenzi yako, anapigania eneo, na eneo kwake ni harufu. Pale anaposugua shavu kwenye mguu wa meza anaacha mafuta kutoka kwenye tezi za mashavuni, ndo muhuri wake, na Kibua keshapiga muhuri nyumba nzima. Akiingia dume mwingine ghafla ni sawa na mtu kakuta mgeni kalala kitandani kwake.

Basi nikachukua soksi mbili za zamani, moja namfuta Diwani mashavuni, nyingine Kibua, halafu nabadilishana, naweka ya huyu chini ya sahani ya chakula ya yule. Siku ya kwanza Kibua aliinusa ile soksi, akafoka, akarudi nyuma, msosi hakuugusa. Nikaisogeza mbali na sahani akala. Kila siku nasogeza kidogo mpaka akawa anakula imo chini ya sahani na hana habari. Hicho ndo kipimo changu mpaka leo, kula. Paka akiwa na hofu hali, akila ujue tumbo limetulia, kwa hiyo sikuwa naangalia kalenda, naangalia sahani ya Kibua.

(Chakula chenyewe ni dagaa nachemsha bila chumvi na ugali kidogo, siku nyingine vichwa vya samaki nimetoa miba. Vitunguu hapana, ni sumu kwao.)

Halafu tukaanza kubadilishana vyumba, Kibua anafungiwa stoo kidogo, Diwani anatembezwa ukumbini. Alikagua kila kona, kweli hilo jina halikukosewa. Kwenye mguu wa meza alisimama muda mrefu sana ananusa, halafu akasugua shavu lake juu ya pale pale. Nilifurahi mno, mama akaniuliza nacheka nini peke yangu.

Mlango wa waya

Hapa ndo ulipo mradi wenyewe maana napenda ufundi. Nilitaka waonane bila kugusana. Wazo la kwanza lilikuwa kipande cha wavu wa uvuvi, hapa umejaa bure, ila rafiki yangu mvuvi akaniambia kucha zitanasa na katoto katajinyonga, kweli. Nikanunua waya wa kuku wenye matundu madogo, fremu ya mbao za kreti, bawaba mbili, nikaupachika kwenye mlango wa stoo. Haujanyooka sana kwa chini lakini unafunga.

Nikawa nawalisha pande zote mbili. Mwanzo sahani ziko mbali, Diwani kule mwisho wa stoo, Kibua karibu na jikoni. Kumwona tu, Kibua alijaa manyoya mpaka akaonekana mkubwa mara mbili, akatembea kiubavu kama kaa. Diwani alimtazama, akapepesa macho polepole, akarudi kula. Huko kupepesa polepole ni kuzuri, kukodoa macho bila kupepesa ndo shari. Nikawa nasogeza sahani taratibu, na kama mmoja ameacha kula nazirudisha nyuma.

Jumamosi moja umeme ulikatika jioni, Kibua akauendea waya mwenyewe gizani, nimewasha tochi ya simu nakuta wamenusana pua, kisha Kibua akafoka na kukimbilia uvunguni. Kufoka si ugomvi jamani. Kufoka ni kusema "ishia hapo", na Diwani alipoishia hapo ndo mtoto akajifunza kwamba akisema anasikilizwa.

Kufungua

Nilifungua baada ya Kibua kucheza na kijiti karibu na waya bila kumjali aliyeko ng'ambo. Nilisubiri Diwani ashibe, Kibua nimemchezesha mpaka amechoka, nikaweka taulo karibu la kuwarushia wakishikana, maana ukitia mkono katikati ya paka wanaopigana utaumia wewe. Dada mdogo nikamwambia asipige kelele, akapiga kelele.

Diwani alitoka, akapita katikati ya ukumbi, akaenda kulala mlangoni kwenye upepo. Basi. Kibua ndo mkorofi, alimvizia mkia, akaurukia, Diwani akamgeukia akamkandamiza chini na mkono mmoja, kucha ndani, kisha akamwachia. Mama kapiga yowe. Mimi nilikuwa naangalia masikio, ya Diwani yalikuwa mbele, hayajalala nyuma, na hakuna aliyelia. Mchezo huo. Ingekuwa mmoja tu ndo anakimbizwa kila mara bila zamu, au kuna mayowe, au manyoya yanaruka, ningewatenganisha.

Hali ilivyo sasa

Usiku bado nawatenganisha na nikitoka nyumbani pia. Mabeseni ya choo yako matatu, idadi ya paka ongeza moja, na hayako sehemu moja maana Diwani akikaa njiani mtoto anaweza kushindwa kupita na atajisaidia kwenye mkeka wa mama, na hapo mradi utafungwa rasmi. Hawalali pamoja. Hawarambani. Kila mtu ana kona yake, na mimi naona inatosha kabisa, sikuwaleta waoane. Panya stoo nimeacha kuwasikia, sijui ni kazi ya Diwani au harufu yake tu.

Aah na watu wananiuliza mbona yule wa chungwa umejuaje ni dume bila kumwangalia. Nilimwangalia. Ila ni kweli paka wa chungwa karibu wanne kati ya watano ni madume, kwa sababu rangi hiyo iko kwenye kromosomu ya X, dume anayo moja tu inamtosha, jike mpaka azipate zote mbili.

Kilichobaki ni Kibua mwenyewe. Daktari kasema nimpeleke ahasiwe karibuni, kabla hajaanza kunyunyiza mkojo ukutani na kumuona Diwani mpinzani, na sasa hivi uzito wake unatosha. Shemeji nimemwambia achangie na hii, mpaka sasa kaweka tiki mbili za bluu tu. Mlango wa waya mama keshauomba kwa ajili ya banda la kuku, nimemwambia Kibua akipona.