Joto la Usiku Mlimani, Mvua Moja Dodoma
Tunapojadili mabadiliko ya tabianchi na kilimo, wengi wetu hukimbilia kuhesabu mvua, ilhali kwenye miteremko ya Kilimanjaro kinachoiumiza zaidi mibuni ya arabika ni joto la usiku: usiku usipopoa, matunda huiva upesi kabla punje hazijajaa vizuri, na mdudu anayetoboa buni huzidi kupanda mlimani. Mkulima naye hawezi kumkimbia kwa kuhamishia mibuni yake juu zaidi, kwani huko ni msitu wa hifadhi.

Dodoma hali ni nyingine. Msimu wa mvua ni mmoja tu, hivyo ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, hakuna vuli ya kufidia hasara. Mtama na uwele huvumilia, ingawa inaniudhi kusikia ugali wake ukiitwa chakula cha shida.