Uwanja Uliozamishwa Ziwani

Nilifika Cleveland, jimbo la Ohio, Januari 2008, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha bolti na nati. Saa tisa usiku mashine husimama nusu saa. Tunakaa kwenye meza ndefu, kila mtu na chakula chake, na maneno yanaanza. Mimi ni mtoto wa Vuga, nimekulia mabarazani, kwa hiyo nilijua nipo wapi hata kabla sijaelewa nusu ya yanayosemwa. Nilikuwa nimerudi Jaws Corner, pale Mji Mkongwe ambapo watu hushika vikombe vya kahawa chungu wakaihukumu serikali, Ligi Kuu ya Uingereza na waimbaji wa taarab katika kikao kimoja.

Mzee wa mashine ya tatu, mwenye kofia ya rangi ya chungwa iliyopauka, aliniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Nilishajiandaa kueleza: kisiwa, Bahari ya Hindi, Tanzania. Hakuhitaji. "Kwao Freddie Mercury," akasema, na tangu usiku ule haniiti kwa jina langu. Ananiita Zanzibar.

Wiki ileile alikuja na kipande cha tiketi ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, ile mifuko ya kutilia mkate. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja umechanwa na mtu wa mlangoni, na katikati ina mkunjo kwa sababu ilikaa mfuko wa nyuma wa suruali usiku kucha. Aliwaona Queen, bendi ya Freddie Mercury, mwishoni mwa miaka ya 1970, angali kijana. Aliishika tiketi kwa ncha za vidole, akanipa, nami nikaishika vivyo hivyo.

Mimi wimbo wa Queen sikuwa naujua hata mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nilichokijua ni nyumba ya Shangani yenye picha zake mbele, ambayo tukiipita utotoni tukielekea Forodhani, watalii wamejaa njia nzima na kamera. Nyumbani jina lake lina ubishi. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa vikali. Lakini pale mezani nilijikuta namsimulia kama jirani. Kwamba alizaliwa Unguja Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, Mparsi, baba yake mtunza fedha wa serikali ya Mwingereza. Kwamba familia iliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

"Mapinduzi gani?" akauliza.

Nusu saa haikutosha. Nilimweleza kuwa wako waliouawa, wako waliokimbia na wako waliopata ardhi na heshima kwa mara ya kwanza, na kwamba mpaka leo nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kuisimulia Januari ile kwa njia mbili zisizokutana. Mzee alisikiliza bila kutafuna. Alikuwa ameisikiliza sauti ya yule mtu kwa miaka 30 na hakuwahi kujua kuwa nyuma yake kuna jahazi zima la habari kama hilo.

Naye akanilipa kwa habari za kwao, na karibu zote zilikuwa za mahali pamoja: uwanja wa zamani wa mji, Cleveland Municipal Stadium, uliofunguliwa mwaka 1931 kando ya Ziwa Erie. Ulichukua karibu watu 80,000. Timu ya besiboli ikicheza humo, timu ya futiboli ya Kimarekani, Browns, ikicheza humo, na kuanzia mwaka 1974 hadi 1980 wakati wa joto palifanyika matamasha makubwa ya muziki wa roki ya kutwa nzima. Tarehe 25 Juni 1977 Pink Floyd walipiga hapo mbele ya watu zaidi ya 80,000, na mzee wangu, miaka 17, alikuwa mmoja wao. Akikueleza hakuelezi nyimbo. Anakueleza upepo wa ziwani ulivyokuwa ukiichukua sauti na kuirudisha, na kwamba alikaa viti vilevile alivyokuwa akikaa na baba yake siku za mpira, nyuma ya nguzo ya chuma iliyoziba robo ya jukwaa.

Nguzo hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina la mwimbaji yeyote. Nadhani ndiyo maana maoni ya wazee hawa juu ya maonyesho ya zamani hayanichoshi. Khalati yangu naye akisimulia taarab ya Ikhwani Safaa ya ujana wake huanzia na buibui aliloazima na mlango aliopitia, na ukimwambia kuwa waimbaji wa leo ni wazuri zaidi, ugomvi si wa muziki. Umemwambia hukuwapo.

Mwaka 1995 ndio jeraha lao. Septemba mji ulifungua Rock and Roll Hall of Fame, makumbusho ya muziki wa roki, jengo la vioo lililochorwa na I. M. Pei palepale ziwani, kwa tamasha ndani ya uwanja huohuo. Oktoba timu ya besiboli ilifika fainali. Tarehe 6 Novemba mwenye Browns, Art Modell, alitangaza kuwa anaihamishia timu Baltimore. Kesho yake, 7 Novemba, wananchi walikwenda kupiga kura iliyokuwa imepangwa tangu kabla ya hapo, ya kuongeza muda wa kodi ili uwanja utengenezwe, na wakaipitisha kwa kishindo. Walikubali kulipa, timu imeshatangaza kuondoka.

Hili nilishindwa kulielewa kwa muda mrefu. Timu itahamaje? Malindi ihame Malindi ikacheze Mwanza? Yanga iondoke Jangwani kwa kuwa kuna mji umeahidi uwanja mzuri zaidi? Mzee alinifahamisha pole pole. Ligi yao ina timu 32, hakuna kupanda wala kushuka daraja, na kila timu ni mali ya tajiri wake kama duka. Miji isiyo na timu ni mingi, kwa hiyo tajiri akitaka uwanja anataja tu jina la mji mwingine. Timu pekee iliyo mikononi mwa mashabiki ni Green Bay Packers, ya mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, ambayo imekuwa na wanahisa wa kawaida tangu mwaka 1923. Kanuni za ligi haziruhusu tena mfano huo kuigwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa 17 Desemba 1995, dhidi ya Cincinnati. Browns walishinda 26 kwa 10. Watu wakaanza kung'oa mabenchi. Mzee alikuwa na spana ndani ya koti, fundi wa bolti hakosi spana, lakini anasema bolti zilikuwa na kutu ya miaka na hazikufunguka, ikabidi wavunje mbao kwa mikono. Kipande chake kipo gerejini kwake. Nimekiona: ubao wa urefu wa mkono, rangi imebanduka, tundu mbili za bolti zimekwanyuka. Amekitundika juu ya meza yake ya kazi, na chini yake ndipo anaponoa visu vyake vya samaki.

Mji ulishitaki, ukapigania mpaka jina Browns, rangi na kumbukumbu zikabaki Cleveland. Timu mpya ikaanza mwaka 1999 kwenye uwanja mpya, mahali palepale. Ile iliyohama ilibeba kombe la Super Bowl, ubingwa wa ligi, Januari 2001 kwa jina la Ravens. Hapa mpaka leo si jina la kulitaja mbele ya watu wazima.

Kipindi kile umeme ulipozimika Unguja, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa kila jioni nampigia mama simu kumuuliza maji yamepatikana wapi na dawa zake za sukari anazihifadhi vipi. Mezani sikuwa na la kusema zaidi ya hilo. Mzee ndipo aliponieleza juu ya umeme wao. Mwaka 1977 Cleveland ilimchagua meya wa miaka 31, Dennis Kucinich. Mji ulikuwa unadaiwa na mabenki, na walitaka auze shirika la umeme la mji. Akakataa. Tarehe 15 Desemba 1978 Cleveland ilishindwa kulipa madeni yake. Februari 1979 wananchi wakaulizwa kwa kura: tuuze au tusiuze? Wakasema tusiuze, hata wakakubali kuongezewa kodi ya mapato. Novemba yake meya akaangushwa.

Ile ndiyo kura ya kwanza ya maisha ya mzee wangu. Alipiga tusiuze, baba yake alipiga tuuze, na hawakusemezana mpaka Pasaka. Shirika lipo, mimi ndiko ninakolipa bili yangu ya umeme kila mwezi. Niliposikia kuwa baba na mwana waliacha kusemezana kwa kura, nilikiweka chini kijiko. Sisi tuliopitia miaka ya 1990 Zanzibar tunajua habari ya watu kususiana mazishi na harusi kwa sababu ya CCM na CUF. Nilikuwa nikiamini kuwa ugonjwa huo ni wetu peke yetu.

Kura yangu ya kwanza mimi nayo ilikuwa ya uwanja. Niliapa uraia mwishoni mwa 2013, na Mei 2014 wilaya iliuliza kama kodi ile iendelee miaka 20 zaidi. Hapa wanaiita kwa jina lake, kodi ya dhambi: inatozwa kwenye pombe na sigara, senti 4.5 kwa kila pakiti, kwa ajili ya viwanja vitatu vya timu. Mimi sinywi wala sivuti. Niliulizwa kuamua juu ya fedha ambazo hazitatoka mfukoni mwangu, bali kwa wenzangu wa zamu, wanaosimama nje kwenye theluji saa tisa na nusu na sigara zao. Nikapiga hapana. Tajiri mwenye timu ajenge uwanja wake, au atoe hisa kwa wanaolipa. Mzee, mvutaji wa pakiti nzima kwa siku, alipiga ndiyo.

"Wewe hukuwapo 1995," aliniambia, na hakusema kwa ubaya.

Ndiyo ikapita. Bado naamini nilikuwa sahihi, na mwaka 2025 ulizidi kunithibitishia. Wenye timu waliamua kuiondoa ziwani na kuijengea uwanja wa paa huko Brook Park, kitongoji cha karibu na uwanja wa ndege, na serikali ya jimbo ikaidhinisha dola milioni 600 za kuwasaidia. Zinatoka wapi? Kwenye fedha za watu zilizolala: akaunti za benki zilizosahauliwa, amana, mishahara ambayo wenyewe hawakuifuata. Kwetu mali ya mtu asiyepatikana ni amana, unaitunza mpaka aje yeye au warithi wake. Nilipolisema hili mbele ya wenzangu, na kati yao wapo waliompigia kura Trump mara tatu na wapo ambao jina lake likitajwa huondoka mezani, wote walikubaliana nami. Ni mara ya pekee niliyowahi kuiona meza ile nzima upande mmoja, ukiacha Juni 2016.

Juni 2016 sitaisimulia sana, dunia nzima iliona. Cavaliers, timu ya mpira wa kikapu ya mji, walikuwa nyuma mechi tatu kwa moja katika fainali, wakarudi wakaifunga Golden State 93 kwa 89 katika mechi ya saba, ubingwa wa kwanza wa mji tangu 1964. Siku ya maandamano ya ushindi mzee alinishika mkono mjini ili tusipotezane, kama nilivyoshikwa na baba yangu siku ya Idi pale Mnazi Mmoja. Alikuwa analia, anataja jina la baba yake.

Sasa amestaafu. Mapafu hayako vizuri, sigara ameacha, na wakati wa joto anatoka na mashua ya binamu yake. Uwanja wa zamani ulipobomolewa, vifusi vyake havikutupwa jaani. Vilizamishwa ndani ya Ziwa Erie kutengeneza miamba ya kuzalia samaki, mmoja ukiwa magharibi, mbele ya ufukwe wa Edgewater. Mwezi wa Agosti alinichukua. Alizima mashine, akatazama mnara mmoja na bomba moja la moshi pwani kupata alama, kama wavuvi wa Malindi wanavyopanga misitu na minara, akasema, "Tupo juu yake."

Maji yalikuwa ya kijani, huoni chini zaidi ya pima moja. Akashusha ndoana. Nilimuuliza iwapo anadhani ile nguzo yake imo humu au imo kwenye mwamba wa mashariki. Alifikiri kwa dhati, akapima kwa macho, akasema anaamini imo humu.

Tulipata samaki saba, wale perch wa manjano, wadogo lakini nyama yao tamu. Nikawachukua kwangu, nikawachoma, nikawapaka tui zito la nazi lenye ndimu na pilipili, na yeye akakaa jikoni kwenye kiti karibu na dirisha na kofia yake, akiniuliza nyumba ya kina Bulsara iko umbali gani na soko la samaki.