Bomba halijui kama watu wamepungua

Mimi ni fundi bomba, na wateja wangu wengi wanakaa juu ya mawe: Mabatini, Igogo, Bugarika. Mwamba hauchimbiki, kwa hiyo bomba tunalilaza juu juu na kulishika kwa saruji kwenye nyufa. Jua la Mwanza likiwaka, maji ya mchana yanatoka ya moto, karibu ya chai.

Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alijenga huko juu enzi za ujana wake. Watoto wameshahamia Dar, magoti nayo yamechoka. Juzi nimepanda kumbadilishia koki, akaniambia, "Fundi, huu mlima umerefuka."

Nikaikumbuka Tama, pembezoni mwa Tokyo, mji ninaousoma sana usiku nikikosa usingizi. Watu walianza kuhamia huko mwaka 1971, Tokyo ikiwa imefurika. Majengo mengi yalikuwa ya ghorofa tano bila lifti, yakajaa wanandoa vijana. Nani angewaza lifti? Sasa wamezeeka pamoja, na ngazi ni zilezile.

Yubari, mji wa makaa ya mawe kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ndiyo inayonitisha zaidi. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Leo hawafiki 8,000. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1990, na mwaka 2007 manispaa ikatangazwa rasmi kuwa imefilisika. Hapo naongea kama fundi: bomba halijui kama watu wamepungua. Linavuja vilevile, linataka matunzo yaleyale, na maji yakikaa mno ndani ya bomba pana yanaharibika. Bili sasa wanagawana wachache.

Najua, sisi bado tunaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 3.7 mkoani, na huko pembezoni mwa jiji, Buhongwa na Kisesa, nyumba zinaota kila wiki. Lakini tunalaza mabomba marefu kufuata nyumba mojamoja, huku katikati ya mji kuna viwanja vimelala miaka. Toyama, Japani hiyohiyo, hawakumfukuza mtu: mwaka 2006 waligeuza reli ya zamani kuwa njia ya tramu, yaani treni ndogo ya mjini, kisha wakawapa ruzuku wanaojenga karibu na njia za usafiri.

Mdogo wangu amepata kiwanja cha bei rahisi mbali huko, ng'ambo ya Kisesa. Nimemwambia bomba nitamfungia bure. Gharama ya kulifikisha huko, aongee na mke wake kwanza.