Waliobaki Ashwell

Stesheni inaitwa Ashwell na Morden, lakini Ashwell yenyewe, kijiji cha Uingereza, haiko hapo. Treni inakushusha Cambridgeshire, kijiji kiko Hertfordshire, na katikati kuna zaidi ya kilomita tatu za barabara nyembamba ambayo magari yanapita kama yanakimbizwa. Hili hakuna aliyeniambia. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Cambridge, alinikatia tikiti akanisindikiza hadi kwenye treni. "Shuka hapo Shangazi, mnara wa kanisa utauona tu."

Mnara niliuona, kweli, lakini ulikuwa upande wa pili wa mashamba, na upepo wa Machi unapuliza kutoka huko huko. Basi lililoandikwa kwenye kibao halikuja. Nikapiga simu ya teksi, na mtu aliyepokea akataka pauni 18 kwa mwendo ambao kwetu Rabai, pwani ya Kenya, bodaboda angekupeleka kwa shilingi mia na chenji ungerudishiwa. Nikakata simu, nikafunga leso juu ya koti, nikaanza kutembea. Gari likija naingia kwenye majani. Viatu nilivyonunua Mombasa kwa ajili ya safari hii havikutengenezwa kwa tope la Uingereza, na hadi nafika kijijini vidole vya miguu nilikuwa sivisikii.

Nilichofuata ni kanisa la Mtakatifu Maria. Mnara wake una urefu wa mita 54 hivi na ulijengwa karne ya 14. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, wa Rabai, pale Krapf na Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha misheni cha Waingereza, walipoanzisha misheni mwaka 1846, na tangu utotoni nimesikia habari za Waingereza walioleta Injili kwetu. Nilitaka kuona kanisa la kijiji la watu hao lililokuwapo mamia ya miaka kabla yao, na padri wa kijiji alikuwa anaishije. Makanisa makubwa ya mjini nilishayaona na kulipia viingilio ambavyo bado vinaniuma. Hapa mlango ulikuwa wazi, bure.

Ndani palikuwa na bibi mmoja akipanga maua karibu na madhabahu. Nilimwamkia, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Kenya, aliacha maua yake akafuta mikono kwenye aproni. "Basi umekuja kuona ukuta," akasema, wala hakungoja jibu. Alikwenda kwenye kabati, akarudi na tochi.

Alinipeleka chini ya mnara, ukuta wa kaskazini. Mimi nikaona jiwe tu, jeupe linaloelekea kijivu. Yule bibi akaniambia nisogee kando, akaiweka tochi ubavuni kabisa mwa ukuta ili mwanga upite juu ya jiwe kwa mshazari. Ukuta ukajaa maneno. Herufi za Kilatini zimechimbwa kwa ncha ya kisu au msumari, nyingine ndefu kama kidole changu, zimebanana, mstari unapanda na kushuka kama wa mtu aliyeandika amesimama wima na mkono umechoka. Jiwe la huko ni aina ya chaki ngumu, lakini bado laini kiasi kwamba kisu kinaingia bila taabu. Nilinyoosha mkono, bibi akaushika polepole akaurudisha. "Tukigusa sote, litaisha."

Akanisomea kwa Kiingereza, habari za tauni, ugonjwa ulioua watu wengi sana Uingereza karne ile ya 14, na nilimwomba arudie. Mstari mmoja unasema tauni ya kwanza ilikuwa mwaka 1349. Mwandishi ameuhesabu kwa mafumbo, elfu moja, mia mara tatu, hamsini kasoro moja. Halafu unafuata mwaka 1350: wa kusikitisha, mkali, wa jeuri, tauni imeondoka, na watu waliobaki kuwa mashahidi ni wale wabaya kabisa. Mwishoni mwaka 1361, upepo wenye nguvu unanguruma duniani siku ya Mtakatifu Maurus. Siku hiyo ni tarehe 15 Januari, na kwa hesabu yetu ni mwaka 1362, kwa sababu Waingereza wa wakati ule waliuanza mwaka mwezi Machi.

Nilikaa kwenye benchi. Nimesoma historia nyingi za tauni ile, idadi za waliokufa na njia iliyopita hadi ikatua pwani ya kusini ya Uingereza mwaka 1348. Sikuwahi kukutana na mtu wa wakati ule akisema "waliobaki ndio wabaya". Mtu huyu mwenyewe alibaki. Alijua Kilatini, kwa hiyo mimi naamini alikuwa padri au karani wa kanisa, maana mkulima wa kijiji hakuwa na Kilatini cha kuandika ukutani. Alizika waumini wake, akabaki na hao waliosalia, na hukumu aliyotoa ni hiyo.

Kwa nini wabaya? Yule bibi alisema ni huzuni tu. Mimi sikubali kwamba ni huzuni peke yake. Ashwell wakati huo ilikuwa chini ya askofu wa Lincoln, na katika dayosisi ile mapadri wenye parokia walikufa karibu wanne kwa kila kumi. Askofu John Gynwell alizunguka dayosisi yake akiweka mapadri wapya katika nafasi za waliokufa. Canterbury kwenyewe, Askofu Mkuu Stratford alifariki mwaka 1348; aliyeteuliwa kumrithi, Offord, akafa Mei 1349 kabla hajawekwa wakfu; akafuata Bradwardine, naye akafa Agosti mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya kuwekwa. Sasa mapadri waliosalia walijikuta ni adimu, wakaanza kudai. Wengine waliziacha parokia zao maskini wakakimbilia mjini kuimba misa za marehemu kwa matajiri, kwani pale malipo yalikuwa mazuri na mgonjwa wa kukuamsha usiku hayupo. Mwaka 1350 Askofu Mkuu Islip alilazimika kutoa amri ya kuwapunguzia ujira na kuwakemea kwa tamaa. Mwaka uliofuata Bunge likawafanyia wafanyakazi wa mashambani vivyo hivyo. Padri aliyeshika kisu mbele ya ukuta wa Ashwell aliwaona wenzake wakiyafanya hayo makaburi yakiwa bado mabichi.

Na padri wa kijiji alikuwa na sababu ya kuondoka. Ashwell ilikuwa mali ya watawa wa Westminster tangu kabla ya hesabu kuu ya ardhi ya mwaka 1086. Katika parokia nyingi za Uingereza zilizoshikwa na watawa, fungu la kumi la nafaka, lililo nono, lilikwenda kwa watawa, na kasisi aliyekaa na watu akaachiwa fungu la kumi la kuku, mayai, mboga na watoto wa nguruwe. Juu yake alikuwapo shemasi mkuu, aliyepita kukagua vyombo, paa na tabia za watu, na kutoza ada. Kwenye mawe ya kanisa hilihili mtu mwingine amechora neno la kumwita shemasi mkuu punda. Mwingine amelalamika kwamba pembe za jengo hazikuunganishwa sawasawa, na kwamba anazitemea mate; huyo lazima alikuwa fundi. Na chini ya maandishi ya tauni kuna mchoro mkubwa wa kanisa ambalo wengi husema ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoungua katika moto wa mwaka 1666. Jengo limeteketea, mchoro upo.

Nilikula mchana kijijini: supu, kipande cha mkate na chai, pauni 12. Sitaki kusema zaidi juu ya bei hiyo, ila mbaazi kwa mahamri ya Kaloleni nilizitamani kwa dhati.

Niliporudi kanisani kuaga, bibi alinionyesha kitabu cha wageni, tukazungumza. Padri wao anahudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo Jumapili nyingine ibada wanaendesha waumini wenyewe. Nikamwambia kwetu ni hivyohivyo, padri mmoja na makanisa yake, na walei ndio wanaoshika kazi. Nikamsimulia barua ya Januari 1349 ya askofu wa Bath na Wells, Ralph wa Shrewsbury, jinsi alivyoona mapadri hawapatikani akaagiza kwamba anayekaribia kufa na asiye na padri aungame kwa mtu yeyote, na kama hakuna mwanamume, hata kwa mwanamke. Bibi hakuijua. Alicheka kidogo, kisha akasema mume wake alifariki mwaka 2020 na hakuruhusiwa kuwa naye.

Mwaka huohuo nasi tulimzika mama yangu mdogo Rabai. Serikali iliruhusu watu 15 tu kaburini, padri akasoma sala akiwa mbali na barakoa usoni, na wale waliozoea kupika kwenye matanga walikaa majumbani mwao. Nimefikiri sana njia nzima ya kurudi stesheni, wapi jambo hilo limeandikwa. Sisi watu wa pwani si kwamba hatuna ukuta. Katika magofu ya Gede kuna kaburi lenye mwaka wake wa Hijria, 802, sawa na 1399, lililochongwa wakati mnara wa Ashwell ungali mpya. Ngome ya Mombasa inahifadhi michoro ya majahazi na watu waliyochora askari wa Kireno. Lakini miaka ile miwili ya korona kanisani kwetu nimeikuta katika rejista ya mazishi tu, jina na tarehe, kwa mwandiko wa haraka, na majina mengine hayamo kabisa.

Nimeshamwandikia katibu wa kanisa. Nimeomba kwamba kabla ya Pasaka ijayo tukae na wazee, tuandike nani alikufa, nani alichimba kaburi, nani alimsomea sala na nani alikataa kuja. Amejibu kwamba kamati itakutana na kwamba tuanze na wale ambao rejista imewasahau. Orodha yangu ina majina tisa hadi sasa. Wa Rabai mnaosoma hapa, nileteeni mengine.